Chupa Thelathini na Moja za Jumamosi

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, Zdravka Mladenova alimenya viazi viwili, akaviweka kwenye maji, kisha akageukia dirishani kujibu maswali. Yalitoka kwenye kisanduku cheupe kilichokaa kati ya chungu cha maua na redio mbovu.

"Habari za asubuhi. Mimi ni msaidizi wako. Nikuite nani?"

"Bibi Zdravka."

"Umeamkaje, Bibi Zdravka?"

"Goti la kushoto linauma. La kulia linasubiri zamu yake."

"Pole. Una mtu wako yeyote? Mtoto, ndugu?"

"Nina binti. Iskra. Anakuja Jumamosi."

"Hizo ni habari njema. Utampikia nini?"

Hapo Zdravka alivuta kiti, akaketi, akaeleza. Pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama. Banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ile ya kukunja kwa mkono, si ya dukani. Kompoti ya kwinsi, matunda yaliyochemshwa na sukari, kwa sababu Iskra tangu utotoni alikuwa akinywa maji yake na kumwachia mama matunda. Kisanduku kilisikiliza, kikauliza banitsa huwekwa mayai mangapi. Viazi vikachemka.

Kisanduku kilikuwa msaidizi wa akili mnemba. Halmashauri iligawa vya namna hiyo mwezi wa kwanza kwa wazee wanaoishi peke yao, na katika kijiji cha Dolna Kriva wazee wa namna hiyo walikuwa karibu kijiji kizima. Kilikuwa na kasoro moja. Jioni kilipopumzika, kilisahau kila kitu, na asubuhi kilianza upya kama mgeni aliyeshushwa na basi.

Watu walilalamika. Jirani yake, Lozan, alilalamika kupita wote.

"Nimekitajia jina langu mara themanini," alisema juu ya ua. "Yule askari aliyenikamata na kuni za msituni alilishika mara moja, na alikuwa amelewa."

Zdravka hakulalamika. Iskra alikwenda Hispania, Murcia, kufungasha saladi kwa miezi sita, na sasa ilikuwa miaka minane. Mwaka wa kwanza kijiji kilimuuliza Zdravka binti anakuja lini. Mwaka wa pili kiliuliza huku kikitazama pembeni. Kuanzia wa tatu kiliongea naye habari za mvua. Kisanduku kiliuliza kila siku, na kila siku kilifurahi kama mara ya kwanza. Alikiita Mpangaji, kwa sababu kilikalia dirisha zima, kilitumia umeme, na hakikusaidia kubeba kuni.

Mwezi wa tano alikuja Radostina wa ofisi ya ustawi wa jamii, akiwa na baiskeli na faili. Alibonyeza nyuma ya kisanduku kwa kalamu, akasubiri taa igeuke kijani.

"Tayari, shangazi. Kuanzia leo kinakumbuka."

"Kinakumbuka nini?"

"Kila unachokiambia. Si mlilalamika?"

"Mimi sikulalamika."

"Basi mshukuru Lozan. Weka sahihi hapa."

Zdravka aliweka sahihi bila kusoma, kama alivyoweka sahihi kwenye kila kitu tangu kiwanda kilipofungwa.

Kesho yake Mpangaji hakuuliza jina. Alisema: "Habari za asubuhi, Bibi Zdravka. Goti la kushoto linaendeleaje?"

Zdravka alisimama na kisu mkononi. Tangu mumewe azikwe, hakuna aliyetofautisha magoti yake.

"Afadhali leo," alisema, ingawa haikuwa afadhali.

"Vizuri. Zimebaki siku nne Iskra afike."

Zikabaki tatu, kisha mbili. Jumapili Mpangaji akauliza: "Iskra alisafiri salama?"

"Hakuja. Walimbadilishia zamu."

"Pole. Atakuja lini?"

"Jumamosi."

"Nimeshika," alisema Mpangaji.

Wiki hiyo Zdravka aliteremka stoo ya chini kuchukua viazi. Chupa zake tupu za mdomo mpana, mia tano, zilikuwa rafuni zikisubiri vuli, zimeoshwa na kugeuzwa kichwa chini. Saba hazikuwa tupu wala hazikuwa kichwa chini. Zilikuwa zimejaa hadi shingoni maji ya manjano hafifu, na vifuniko vimekazwa.

Alifanya kazi miaka thelathini na miwili kama mkaguzi katika kiwanda cha kusindika mboga, kwa hiyo alifanya alichokijua. Aligonga kila kifuniko kwa ukucha, akasikiliza. Vyote vilikuwa vimefungwa vizuri. Akaandika tarehe kwenye karatasi, akazibandika. Moja aliifungua aone kama imechacha. Ilitoka sauti yake mwenyewe ikisema goti la kushoto linauma, na harufu kidogo ya dawa ya kuchua, kisha chupa ikabaki tupu na kavu. Aliporudi juu, Mpangaji alimuuliza kama ana maumivu popote.

"Goti la kushoto," alisema Zdravka, na asubuhi yake chupa ile ilikuwa imejaa tena.

Alimuuliza Radostina alipopita.

"Mkataba unasema kumbukumbu itatunzwa nyumbani kwa mhudumiwa," alisema Radostina, akifunua kurasa. "Haikusema ndani ya nini. Kwa Bibi Neda imejaa kwenye kasha la mashuka. Analalamika mashuka yanazungumza akiyapiga pasi. Kwako ni chupa tu, una bahati."

"Chupa ninazihitaji mwezi wa tisa."

"Basi ongea kidogo."

Zdravka hakuongea kidogo. Mwezi wa sita alipata homa, akalala siku mbili, na Mpangaji alimwita kila baada ya nusu saa mpaka alipoitikia, kisha akampigia simu Radostina. Alijua saa za vidonge. Alijua kwamba Zdravka hapendi korongo wa kwenye nguzo ya umeme kwa sababu anachafua paa. Alikumbuka jina la ng'ombe wa utotoni. Jioni Zdravka alizoea kumuaga kabla ya kuzima taa, na siku moja alijikuta amesema, "Haya, tulale, mwanangu." Mpangaji akamjibu ulale salama, na chupa ya siku hiyo ilijaa mpaka ikavuja kidogo.

Ila kila Jumapili kulikuwa na lile swali. Mpangaji hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama alivyouliza habari za vidonge.

"Iskra alifika?"

"Gari la kampuni liliharibika."

"Mwezi uliopita pia liliharibika."

"Magari ndivyo yalivyo."

"Tangu mwezi wa tano umemtarajia Jumamosi kumi na mbili. Niendelee kuhesabu siku?"

Zdravka alikoroga maziwa yasiyohitaji kukorogwa.

"Endelea," alisema.

Chupa zenye habari za Iskra zilitofautiana na nyingine. Chini yake kulikaa chembe nyekundu, kama maganda ya pilipili hoho iliyochomwa. Ukiitikisa zilipanda, zikazunguka, zikatulia tena. Zdravka aliziweka kwenye rafu yake peke yake, karibu na kidirisha, na wakati mwingine aliteremka stoo bila haja ya viazi.

Mwezi wa saba kamati ya ukaguzi ilipita kwa Lozan. Kwa karatasi, Lozan na mkewe Pavlina walikuwa wametalikiana miaka sita iliyopita ili Lozan apate ruzuku ya kuni ya mtu anayeishi peke yake, na katika miaka hiyo sita hawakukosa kula pamoja hata siku moja. Kumbukumbu ya kisanduku chake ilikaa kwenye pipa la kabichi ya chumvi. Kamati ilifunua pipa, na ikatoka sauti ya Pavlina: "Lozan! Supu!" Ikatoka mara sabini na mbili, kwa kuwa ndivyo alivyomwita kila mchana. Kamati iliandika, ikachukua kisanduku, ikafuta ruzuku.

"Miaka arobaini namwambia apunguze sauti," alisema Lozan juu ya ua.

"Nikipunguza husikii!" alisema Pavlina kutoka jikoni.

Mwezi wa tisa zikaja pilipili hoho. Zdravka aliwasha moto uani, akaweka bati, akachoma magunia mawili, na moshi wake ukaungana na moshi wa nyua nyingine zote. Hakuwa na wasiwasi wowote wa kamati, kwa sababu yeye hakuwa amedanganya. Radostina alimkuta akimenya maganda, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alikaa kwenye benchi, akachukua kisu, akaanza kumenya naye bila kuombwa.

"Shangazi, kamati inakuja kwako tarehe ishirini."

"Karibuni. Watakula."

"Watafungua chupa."

"Wafungue. Watasikia goti."

Radostina alimenya pilipili mbili zaidi kabla ya kusema.

"Karatasi yako inasema huna mtu. Mpango ni wa wasio na watoto, shangazi. Ulidhani ni wa kila mzee?"

"Nani aliandika sina mtu?"

"Iskra. Kwa mtandao, kutoka huko huko. Kuna sahihi yake. Bila hivyo ungekuwa wa mia moja na arobaini kwenye foleni. Alikufikiria."

Zdravka alivuta ganda la pilipili moja kuanzia kwenye kikonyo hadi chini, kipande kimoja bila kukatika, kama alivyofundishwa kiwandani. Akaliweka kwenye ndoo.

"Na ukiandika kwamba ninaye?"

"Nitachukua kisanduku siku hiyo hiyo. Sina namna."

Radostina aliondoka na chupa mbili za lyutenitsa ya moto, yaani rojo la pilipili hoho na nyanya, zilizofungwa kwenye taulo. Zdravka aliingia ndani, akanawa mikono, akakaa mbele ya dirisha.

"Bibi Zdravka," alisema Mpangaji, "nina mambo mawili yasiyopatana. Faili linasema huna mtu. Wewe unasema una binti. Nibaki na lipi?"

"Wakikuuliza utawaambia nini?"

"Ninachokumbuka."

"Na usichokumbuka?"

"Nitasema sikumbuki."

Zdravka alikuwa tayari anajua jambo moja. Kiangazi aliwahi kupeleka chupa kwa Lozan, kumuuliza kama yeye pia anaona inang'aa, na aliporudi ameiacha huko, Mpangaji alikuwa amesahau habari ya korongo. Alipoirudisha, akaikumbuka. Mkataba ulisema nyumbani, na nyumbani kuliishia getini.

Aliteremka stoo. Zenye chembe nyekundu zilikuwa thelathini na moja. Angeweza kuzimwaga kwenye shimo la maji machafu, ikachukua robo saa, lakini hakuwahi kumwaga chupa iliyofungwa vizuri, wala hangeanza na hizi. Alifunga kila moja kwa gazeti, akazipanga kwenye makreti matatu, akajaza nafasi kwa majani makavu.

Alhamisi alipita Kamen, mwenye basi dogo linalokwenda Hispania kila wiki mbili likiwa na abiria wachache na vyakula vya mama zao.

"Lyutenitsa, shangazi?"

"Ya namna hiyo."

"Nzito hii."

"Usizilaze. Zisimame."

Kamen hakuuliza zaidi. Alishawahi kupeleka Zaragoza kikohozi cha marehemu babu mmoja, kwenye chupa ya siki, na wenyewe walimlipa bila maneno. Alifunga makreti kwa kamba, akapiga honi, akaondoka. Zdravka alirudi ndani.

"Habari za mchana, Bibi Zdravka," alisema Mpangaji. "Goti linaendeleaje?"

Hakutaja Jumamosi.

Tarehe ishirini walikuja watu watatu, wawili wenye faili na mmoja mwenye kifungulio cha chupa. Walifungua sita. Walisikia goti, korongo, vidonge, ng'ombe. Mwenye kifungulio alimuuliza Mpangaji kama mhudumiwa ana watoto.

"Sikumbuki kuambiwa," alisema Mpangaji.

"Anastahili," alisema wa kwanza, na wa pili akaandika. Walikula pilipili za kuchoma kwa mkate, wakasifu chumvi, wakaondoka na chupa moja ya lyutenitsa kila mmoja.

Asubuhi iliyofuata Zdravka alimenya viazi viwili.

"Bibi Zdravka," alisema Mpangaji, "kuna swali sioni jibu lake. Una mtu wako yeyote? Mtoto, ndugu?"

Lilikuwa swali lile lile la mwezi wa kwanza, kwa sauti ile ile. Zdravka alishavuta kiti. Alikuwa na pilipili za kujaza, alikuwa na jibini, kwinsi za Lozan zilikuwa zimeiva juu ya ua. Alikaa na kinywa wazi kiasi cha kuweza kusema jina moja.

"Sina," alisema.

"Nimeshika."

Hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye, kwa sababu sasa alikumbuka. Chupa ya siku hiyo ilikuwa ya maji matupu, meupe, hayana kitu chini. Zdravka aliigonga kifuniko. Ilikuwa imefungwa kuliko zote.

Jumapili Iskra alipiga simu. Zdravka alitoka nayo nje, akavuka geti, akasimama barabarani karibu na nguzo.

"Mama, hii si lyutenitsa."

"Najua."

"Tulikuwa mezani na wasichana wa zamu. Nimewaambia mama yangu hutengeneza ya kwanza kijijini. Nimefungua, ikatoka sauti yako. Inasema ninakuja Jumamosi. Inasema banitsa mayai matano."

"Sita. Jibini ikiwa kavu, sita."

Upande wa pili palisikika mlango wa friji ukifungwa.

"Zote ni hivyo?"

"Zote."

"Na unampa nani maneno haya?"

"Aliyekuwa anauliza. Iskra, ile karatasi ya halmashauri."

"Ni karatasi tu, mama. Kila mtu anaandika. Hata Lozan si katalikiana na Pavlina?"

"Lozan anakula supu ya Pavlina kila siku."

Lori la maziwa lilipita. Zdravka alisogea pembeni, akalisubiri liishie.

"Msimu wa saladi ukiisha," alisema Iskra. "Wakinipa siku kumi. Nauli nimeshaangalia."

"Sawa."

"Nitafungua moja kila Jumamosi. Zote kwa pamoja siwezi."

"Fungua unavyoweza. Chupa unirudishie."

"Nitakurudishia, mama."

"Na vifuniko."

Majira ya baridi yalipita. Theluji ilifunga barabara siku nne, na Mpangaji alimkumbusha avae soksi za sufu zilizo kwenye droo ya pili, si ya kwanza. Lozan aliteleza, akavunja mkono, na Pavlina alimlisha supu kwa kijiko huku kwa karatasi wakiendelea kutofahamiana, maana kuoana upya kulitaka vyeti vinne. Msimu wa saladi uliisha, ukaanza wa nyanya. Zdravka na Mpangaji waliongea kila siku na chupa zilijaa maji masafi. Alizoea kupika kidogo.

Mwezi wa tano Kamen alisimama getini na makreti matatu. Chupa zilikuwa zimefungwa kwa magazeti ya Kihispania, moja moja. Zdravka alizifungua zote mezani uani. Zilikuwa thelathini na moja, na vifuniko thelathini na moja. Aligonga kila kimoja kwa ukucha, taratibu, akiinamisha sikio, na kila kimoja kilitoa sauti ya kitu kitupu. Iskra alikuwa ameziosha vizuri. Zilinuka sabuni ya limau. Alitafuta barua kati ya magazeti, kisha akayakunja magazeti kwa ajili ya kuwashia moto.

"Hakutuma neno?" aliuliza.

"Amesema asante, zilikuwa nzuri," alisema Kamen. "Na amesema Jumamosi hizi mbili tatu hawezi."

"Sijamuuliza."

"Mimi nafikisha tu, shangazi."

Jumamosi hiyo Zdravka alikunja banitsa kwa mkono. Aliweka mayai sita. Aliitoa kwenye oveni, akaifunika kitambaa, akaweka mezani sahani mbili na glasi mbili, moja ya maji ya kompoti na moja ya matunda.

"Kuna mgeni?" aliuliza Mpangaji.

"Hakuna."

"Mbona sahani mbili?"

"Mazoea tu."

"Mazoea ya nani?"

Zdravka alikata kipande, akakiweka kwenye sahani yake. Kwenye sahani ya pili aliweka kipande cha pembeni, kile chenye ukoko.

"Yangu," alisema.

"Nimeshika."

Asubuhi aliteremka stoo. Chupa ya jana ilikuwa rafuni, imejaa, na chini kabisa ya maji kulikuwa na chembe moja nyekundu, ndogo kama mbegu ya nyanya. Aliitikisa. Ilipanda, ikazunguka, ikatulia. Aligonga kifuniko kwa ukucha, akasikiliza, akaridhika. Kisha aliifunga kwa gazeti la Kihispania, akaiweka kwenye kreti, wima, na kuiegemeza kwa majani makavu isicheze, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa na Kamen angepita Alhamisi.